Kwa nini kilo za zabibu kwenye kanzidata hazilingani na leja yetu?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao, ya wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Vituo vyetu vinne vya kupokelea, yaani Mpunguzi, Hombolo, Matumbulu na Mbabala, kila kimoja kilinitumia faili la Excel la mavuno ya Februari na Machi 2025. Makarani wa vituo huandika jina la kituo mara moja tu kule juu, kwa hiyo niliongeza safu ya kituo nikaiburuta mpaka mstari wa mwisho. Safu ya tarehe niliigeuza iwe mwaka-mwezi-siku. Kisha nilihifadhi kila faili kama CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, na kuyaingiza yote kwenye kanzidata ya SQLite kwa programu ya DB Browser.

Nilipouliza jumla ya kilo kwa kituo nilipata Mpunguzi 42,680, Hombolo 37,200, Matumbulu 12,102 na Mbabala 9,459. Leja ya stakabadhi za mzani inasema 21,340, 18,600, 12,090 na 9,450. Hakuna mkulima aliyefikisha kilo 1,000 kwa kupima mara moja. Nilipouliza kwa mwezi nikaona zabibu za Juni, Oktoba na Desemba, pamoja na fungu kubwa lisilo na mwezi kabisa. Nilipounganisha na faili la malipo, mwanachama namba 0042 akaonekana amelipwa zaidi kwa shilingi 250,000, naye analalamika kwamba bado anatudai. Alileta kilo 120, 140 na 110. Bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Amelipwa 150,000 kisha 180,000. Mkutano wa wanachama umekaribia. Nimekosea wapi?

Jibu

Marahaba. Umefanya jambo moja la maana sana: umeniletea namba za leja pamoja na namba za kanzidata. Bila leja ningekuwa nabahatisha.

Weka kompyuta pembeni kidogo, tuzisome namba zako kama zimeandikwa kwenye karatasi. Mpunguzi 42,680 ni 21,340 mara mbili, kamili, bila kilo moja kuzidi. Hombolo 37,200 ni 18,600 mara mbili, kamili pia. Karani akikosea kuandika, makosa huwa ya ovyoovyo: hapa kilo tano, pale hamsini. Mara mbili kamili ina maana kitu kizima kimehesabiwa tena. Matumbulu yeye amezidi kwa 12 na Mbabala kwa 9. Sasa tazama leja: Matumbulu ni 12,090, inaanza na 12. Mbabala ni 9,450, inaanza na 9. Nilipoona hivyo nikajua mafaili yako yana nini kabla hata ya kuyaomba.

Chini ya kila faili kuna mstari wa JUMLA. Ulipoburuta jina la kituo mpaka mstari wa mwisho, uliufikia na huo. Jicho la mtu huuruka kwa sababu umekolezwa wino na una mstari juu yake. Kanzidata haioni wino. Kwake JUMLA ni mkulima mmoja wa Mpunguzi aliyeleta kilo 21,340 kwa mpigo, na inamjumlisha pamoja na wenzake.

Matumbulu na Mbabala nao wana mstari huo huo, ila makarani wao waliipanga safu ya kilo ionyeshe koma kwenye maelfu. CSV huhifadhi namba kama inavyoonekana kwenye kioo. Uzito wa wakulima haufiki 1,000, kwa hiyo koma haikutokea kwao. Ilitokea kwenye JUMLA peke yake. Na SQLite ikikuta maandishi pale inapotakiwa kujumlisha, huyasoma kutoka kushoto mpaka inapokutana na kitu kisicho namba, halafu hukata hapo hapo. Jaribu mwenyewe:

SELECT '12,090' + 0;

Utapata 12. Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu. Hizo ndizo kilo 12 za Matumbulu na 9 za Mbabala.

Nakuomba uzitazame hizo 12 na 9 kwa hofu kuliko maelfu ya Mpunguzi. Mpunguzi imekupigia kelele, umeisikia. Lakini fikiria vituo vyote vinne vingekuwa na koma. Ungezidi kwa 21, 18, 12 na 9, jumla kilo 60 kwenye kilo 61,480. Ungesema ni mzani, ukasaini, ukaendelea. Na mistari minne isiyo ya mkulima yeyote ingebaki ndani ikingoja msimu ujao.

Kwa hiyo kabla hujaandika SELECT nyingine yoyote, yaani swali lolote kwa kanzidata, chukua kalamu ujibu swali hili kwa Kiswahili: mstari mmoja wa jedwali langu ni nini? Wewe jibu lako ni hili: mstari mmoja ni mwanachama mmoja aliyepimiwa mara moja, siku moja, kituo kimoja. Liandike, libandike mezani. Kila kisicholingana na sentensi hiyo, iwe JUMLA, kichwa cha habari, mstari mtupu au maelezo ya karani, hakiruhusiwi kuingia kwenye hesabu. Matatizo yako mawili kati ya matatu, la jumla na la 0042, yanatoka kwenye swali hili moja.

Niliwahi kuitwa na ofisi moja mkoani Singida baada ya takwimu za alizeti kusomwa kikaoni. Kila ukurasa ulikuwa na jumla yake, na mwisho kulikuwa na jumla kuu, na vyote viliingizwa kwenye kanzidata kama vilivyo. Kila gunia likahesabiwa mara tatu. Mnunuzi alishapanga malori kwa hesabu ile. Wakulima ndio waliosimamishwa kuulizwa magunia mengine yamekwenda wapi. Tangu siku hiyo, faili lolote likinijia, naanza kwa kulitafuta neno JUMLA.

Sasa dawa. Najua mkono unakuwasha ufungue Excel ufute ile mistari minne. Usifanye hivyo. Wiki ijayo Hombolo watakuletea faili lililosahihishwa, utalazimika kufuta tena, na siku utakayosahau hakuna atakayejua. Pia mkaguzi akija hutaweza kumwonyesha ulichofuta. Acha faili liingie zima kwenye jedwali liitwalo mbichi, kila safu ikiwa ya maandishi, na jedwali hilo usiliguse kamwe. Usafi ufanywe na swali lililohifadhiwa juu yake. Mstari wa JUMLA hauna namba ya mwanachama, kwa hiyo kuutoa ni rahisi. Ila anza kwa kuitazama mistari inayotolewa:

SELECT * FROM mbichi WHERE COALESCE(TRIM(namba), '') = '';

Unatarajia mistari minne, mmoja kwa kila kituo. Ukiona wa tano, simama. Huo unaweza kuwa ni mkulima ambaye karani alisahau kumwandikia namba, na ukiutupa umetupa zabibu za mtu.

Tuje kwenye tarehe. Fungu lako lisilo na mwezi limebeba kwanza ile mistari ya JUMLA, maana haina tarehe. Lakini ndani yake mna na wakulima halali, na hao ndio wanaotuhusu.

Hapa Tanzania tunaandika siku kwanza: 06/02/2025 ni tarehe 6 Februari. Kompyuta ikitoka dukani mara nyingi imewekwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi ndio unaotangulia. Karani anapoandika 06/02/2025, Excel ya namna hiyo inaelewa tarehe 2 Juni na kuikubali bila neno. Anapoandika 17/03/2025, inatafuta mwezi wa 17, haiupati, inaiacha kama maandishi matupu. Kwenye kioo zote mbili zinaonekana karibu sawa, kwa hiyo ni rahisi karani asigundue. Ulipoigeuza safu iwe mwaka-mwezi-siku, zile zilizoeleweka vibaya zikawa 2025-06-02, na zile za maandishi zikabaki 17/03/2025 kama zilivyo. SQLite ukiiuliza mwezi wa 17/03/2025 haina jibu, inarudisha utupu.

Ndiyo maana una zabibu za Desemba. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, huu mvuno wa Februari na Machi na ule wa Agosti na Septemba, na wewe mwenyewe ulijua hamkupima hata kreti moja Desemba. Mtu asiyejua zao angeichapisha ile ripoti.

Kosa hili lina alama yake, na ukishaijua utaitambua popote. Kwa kuwa mlipima Februari na Machi tu, yaani mwezi wa 02 na wa 03, tarehe zote zilizogeuzwa lazima ziangukie siku ya 02 au ya 03 ya miezi mbalimbali. Uliza hivi:

SELECT kituo, substr(tarehe, 9, 2) AS siku, COUNT(*)
FROM mbichi
WHERE tarehe LIKE '2025-%'
GROUP BY kituo, siku;

Kituo chenye kompyuta nzuri kitakuwa na siku za kila aina: 05, 11, 19, 27. Kituo kilichogeuzwa kitakuwa na 02 na 03 peke yake. Kwa mfano wetu tuseme ni Mbabala. Ukikuta ni kingine, badilisha jina. Ukikuta ni viwili, viongeze vyote. Lakini usigeuze tarehe za vituo vyote kwa pamoja, maana utaviharibu vile vilivyo sahihi. Ndiyo faida ya ile safu ya kituo uliyoiongeza. Bila hiyo tusingejua tarehe ipi ilitoka kwenye kompyuta ipi. Ongeza na safu ya jina la faili, itakusaidia siku kituo kimoja kitakapoleta mafaili mawili.

Sasa usafi wote uingie kwenye swali moja lililohifadhiwa:

CREATE VIEW mizani AS
SELECT kituo,
printf('%04d', namba) AS mwanachama,
REPLACE(kilo, ',', '') + 0 AS kilo,
CASE
WHEN tarehe LIKE '__/__/____' THEN substr(tarehe, 7, 4) || '-' || substr(tarehe, 4, 2) || '-' || substr(tarehe, 1, 2)
WHEN kituo = 'Mbabala' THEN substr(tarehe, 1, 4) || '-' || substr(tarehe, 9, 2) || '-' || substr(tarehe, 6, 2)
ELSE tarehe
END AS siku
FROM mbichi
WHERE TRIM(namba) <> '';

REPLACE inaondoa koma kabla ya kujumlisha. CASE inazipanga tarehe zote ziwe mwaka-mwezi-siku. Ile printf inairudishia namba ya mwanachama sifuri zake, kwa sababu Excel ikifungua 0042 huifanya 42, na 42 haitakutana kamwe na 0042 ya faili jingine. Namba za simu za malipo nazo hupoteza sifuri ya mbele kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo ziingize kama maandishi tangu mwanzo.

Ukiuliza sasa:

SELECT kituo, COUNT(*), SUM(kilo) FROM mizani GROUP BY kituo;

lazima upate 21,340, 18,600, 12,090 na 9,450. Zikikosa kulingana hata kwa kilo moja, usisonge mbele. Na ile COUNT nimeiweka makusudi. Ilinganishe na idadi ya stakabadhi za kila kituo, kwa sababu mistari iliyopotea haina mahali pa kuonekana. Oktoba 2020 huko Uingereza, idara ya afya ya umma iligundua kwamba watu 15,841 waliopimwa wakakutwa na korona hawakuwa wameingia kwenye hesabu za kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yanahamishiwa kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536, na yaliyozidi hayakuingia. Mtindo mpya unafika 1,048,576, na wewe huko hutafika karibuni. Lakini kuhesabu mistari hakuhitaji dakika mbili.

Kwa mwezi, tumia substr(siku, 1, 7) na GROUP BY yake. Utapata mistari miwili tu, 2025-02 na 2025-03. Siku utakapoweka na mavuno ya Agosti ndani yake, nakushauri ripoti ya mkutano uipange kwa msimu badala ya mwezi, maana wakulima wanahesabu kwa mvuno.

Limebaki la mwanachama 0042, na hili ndilo lililonifanya niandike kwa urefu huu.

Alipimiwa mara tatu, kwa hiyo ana mistari mitatu upande wa mizani. Amelipwa mara mbili, kwa hiyo ana mistari miwili upande wa malipo. Ulipoyaunganisha majedwali kwa namba yake, kanzidata iliushika kila mstari wa huku ikaufunga na kila mstari wa kule. Tatu mara mbili ni sita:

120 na 150,000
120 na 180,000
140 na 150,000
140 na 180,000
110 na 150,000
110 na 180,000

Jumlisha upande wa kushoto: 740, wakati alileta 370. Jumlisha wa kulia: 990,000, wakati alilipwa 330,000. Halafu ukatoa 990,000 kwenye 740,000, mzee wa watu akawa amezidishiwa 250,000. Ukweli ni kwamba kilo 370 ni shilingi 370,000, amepokea 330,000, na chama kinadaiwa naye 40,000. Alikuwa anasema kweli.

Rudi kwenye ile karatasi ya mezani. Kwenye jedwali lililounganishwa, mstari mmoja ni nini? Si kupimiwa, si kulipwa. Ni jozi ya vitu viwili visivyohusiana, hivyo jumla yake haina maana yoyote. Utakuta mtu anakuambia uweke DISTINCT, inayoondoa mistari inayofanana, kurekebisha. Usimsikilize: mkulima aliyeleta kilo 120 mara mbili utamfuta mara moja. Njia sahihi ni kujumlisha kila upande peke yake kwanza, mpaka kila mwanachama awe na mstari mmoja huku na mmoja kule, ndipo uunganishe:

WITH m AS (
SELECT mwanachama, SUM(kilo) AS kilo
FROM mizani GROUP BY mwanachama),
p AS (
SELECT printf('%04d', namba) AS mwanachama,
SUM(REPLACE(kiasi, ',', '') + 0) AS kalipwa
FROM malipo WHERE TRIM(namba) <> ''
GROUP BY 1)
SELECT m.mwanachama, m.kilo,
m.kilo * 1000 AS stahili,
COALESCE(p.kalipwa, 0) AS kalipwa,
m.kilo * 1000 - COALESCE(p.kalipwa, 0) AS anadai
FROM m LEFT JOIN p ON p.mwanachama = m.mwanachama
ORDER BY anadai DESC;

LEFT JOIN, inayombakiza kila aliyepimiwa, na COALESCE, inayogeuza utupu kuwa sifuri, usiziache. Ukitumia JOIN ya kawaida, mwanachama ambaye hajalipwa hata shilingi hana mstari kwenye malipo, kwa hiyo haonekani kwenye orodha kabisa. Ukitumia LEFT JOIN bila COALESCE, anaonekana lakini deni lake ni tupu, kwa sababu kutoa utupu kwenye namba kunazaa utupu. Njia zote mbili zinamficha yule yule anayedai kuliko wote. Hilo mimi siwezi kulichukulia kuwa kosa dogo la kiufundi.

Halafu geuza upande: jumla ya safu ya kalipwa kwenye orodha hii iwe sawa na jumla ya malipo yote. Ikipungua, kuna namba iliyolipwa ambayo haikupimiwa popote. Huenda ni namba iliyoandikwa vibaya, huenda ni jambo la kumpelekea mwenyekiti. Anadai ikitoka hasi kwa mtu, usimtangaze. Toa stakabadhi zake kwanza.

Na kabla ya mkutano, si siku ya mkutano, mtafute 0042. Mchapishie mistari yake mitatu ya mzani na miwili ya malipo, msomee moja moja aithibitishe na stakabadhi zake, kisha mwambie chama kinadaiwa naye shilingi 40,000. Kama ulishamwambia mtu mwingine kwamba amezidishiwa, mrudie na huyo. Ukikwama kwenye zile tarehe za kituo, niandikie umepata siku gani kwa kila kituo, nitakujibu jioni hiyo hiyo.